Sura ya Sita: Dakika Ziko Sawa, Saa Haziko Sawa

Treni ya TAZARA ikitoka Dar es Salaam hupita Ifakara, Mbingu, Chita na Mlimba, kisha hupanda milima kuelekea Makambako na Mbeya. Mwendo wote huo, hata ikichelewa, inachelewa kwa saa za Tanzania. Ikishavuka Tunduma na kuingia Nakonde, mambo hubadilika: abiria ambaye simu yake ilisoma 10:00 upande huu ataikuta inasoma 09:00 upande wa pili. Muda haukurudi nyuma, wala simu haikuharibika. Tanzania husoma saa tatu mbele ya saa ya dunia, ile inayoitwa kwa kifupi UTC, na Zambia husoma saa mbili mbele.

Reli ndizo zilizoilazimisha dunia kukubaliana juu ya mambo haya. Kabla yake kila mji ulifuata jua lake. Mbingu iko karibu na nyuzi 36 mashariki, Dar es Salaam iko nyuzi 39 na kitu, na kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Kwa hiyo jua hufika utosini Mbingu kama dakika kumi na mbili baada ya kufika utosini Dar es Salaam. Mtembea kwa miguu hana haja na tofauti hiyo, lakini treni mbili zinazotumia njia moja haziwezi kuipuuza. Kampuni za reli za Uingereza zilianza kutumia saa moja katika miaka ya 1840, za Marekani zikafuata mwaka 1883, na mwaka 1884 mkutano wa Washington ukauchagua mstari wa Greenwich uwe mwanzo wa hesabu. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 zilizoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ilizikuta saa za Afrika Mashariki zimekwisha kufungwa kwenye nyuzi 45, mstari unaopita Somalia. Ndiyo maana simu ya Mbingu ikisoma 12:00, jua bado lina nusu saa na ushei kabla halijasimama utosini.

Kompyuta ya Linux inafuata utaratibu huohuo. Ndani yake ina hesabu moja ya muda isiyojua Tanzania wala Zambia, na juu ya hesabu hiyo ina namna ya kuisoma. Hitilafu nyingi za saa zinazoletwa kwa mafundi ni za usomaji, na mafundi wengi huzitibu kwa kuivuruga hesabu yenyewe. Kanuni ya sura hii basi ni hii: usisogeze saa ili kurekebisha usomaji.

Saa mbili ndani ya mashine moja

Kompyuta ina saa mbili. Ya kwanza imo kwenye bodi kuu na hutembea hata mashine ikiwa imezimwa. Huendeshwa na kipande cha fuwele kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na hupata nguvu kutoka kwenye betri bapa ya volti 3, mara nyingi ile yenye maandishi CR2032. Ya pili ni ya mfumo endeshi wenyewe. Mashine ikiwaka, Linux huisoma ile ya kwanza mara moja, kisha huendelea kuhesabu yenyewe.

Linux haihesabu saa na dakika. Huhesabu sekunde zilizopita tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia, wakati ambao hapa kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Ukiiuliza saa, huchukua idadi ya sekunde, hutazama umeiambia uko ukanda gani wa saa, au saa za eneo kama simu nyingi zinavyoandika, kisha ndipo hukuandikia 15:20. Badilisha ukanda, na sekunde hazitasogea hata moja.

Amri moja inaonyesha yote haya kwa pamoja. Fungua dirisha la amri uandike:

timedatectl

Mashine iliyopangwa sawasawa itajibu hivi:

Local time: Fri 2025-03-14 15:20:11 EAT
Universal time: Fri 2025-03-14 12:20:11 UTC
RTC time: Fri 2025-03-14 12:20:11
Time zone: Africa/Dar_es_Salaam (EAT, +0300)
System clock synchronized: yes
NTP service: active
RTC in local TZ: no

Mstari wa kwanza ni usomaji wa hapa. Wa pili ni saa ya dunia. Wa tatu ni saa ya kwenye bodi, na wa nne ni ukanda. Mistari mitatu ya mwisho inasema kama saa inalinganishwa na mtandao, na kama saa ya bodi imewekwa kwa UTC au kwa saa za hapa. Anza na mstari wa pili. Ukiwa sahihi, saa ya mashine ni nzima na tatizo liko kwenye usomaji. Kuupima hakuhitaji kikokotoo: mchana, chukua saa unayoitaja mdomoni uongeze tatu. Saa nne asubuhi ni 07:00 ya dunia, saa tisa alasiri ni 12:00.

Uliza dakika kwanza

Mazungumzo kwenye meza ya fundi huwa mafupi.

"Fundi, mashine yangu inachelewa."

"Inachelewa kiasi gani, mwalimu?"

"Saa tatu."

"Na dakika?"

"Dakika ziko sawa."

"Basi haichelewi."

Fundi huyo ameshamaliza nusu ya kazi. Saa iliyopungukiwa nguvu hupoteza dakika na sekunde ovyo. Haiwezi kuchelewa saa tatu kamili na dakika zikabaki zilivyo. Tofauti ya saa kamili ni dalili ya usomaji, na ukubwa wake hukuonyesha pa kutazama.

Ikiwa nyuma saa tatu, mashine haijaambiwa iko wapi, kwa hiyo inaonyesha saa ya dunia ilivyo. Hili ni la kawaida kwa seva na kwa Linux iliyosimikwa kwa haraka. Ikiwa nyuma saa moja, huenda imepangiwa Lusaka, Lubumbashi au Johannesburg; ikiwa mbele saa moja, Dubai au Muscat, jambo la kawaida kwa kompyuta za mtumba zilizopitia huko. Ikiwa mbele saa tatu, kuna uwezekano mkubwa kwamba Windows na Linux zinakaa mashine moja. Tofauti ya saa kumi na mbili ni ya mtu aliyechanganya asubuhi na jioni.

Dakika zikiwa zimepishana, hapo saa yenyewe imeteleza. Fuwele ya kawaida inaweza kukosea sekunde moja au mbili kwa siku, na kwa mwaka hizo ni dakika kumi hivi. Na kila mashine inapowashwa ikirudi kwenye mwaka uliopita zamani, betri ya bodi imekufa. Mwenye mashine huliona hilo kwanza kwenye kivinjari: kila tovuti inakataliwa, kwa kuwa cheti chake cha usalama kinaonekana hakijaanza kutumika. Programu ya kusasisha Debian au Ubuntu nayo hugoma kwa sababu hiyohiyo, na mtu huishia kuulaumu mtandao.

Mtego wa saa sita

Kuna tofauti moja inayotusumbua sisi kuliko watu wengine, nayo ni ya saa sita. Msemaji wa Kiswahili hutazama simu inayosoma 15:20 akasema saa tisa na dakika ishirini, bila kuona kwamba amepiga hesabu. Ni ujuzi mzuri, lakini mbele ya kompyuta humponza. Akiambiwa aingize saa, na saa ni nane mchana, anaandika 08:00. Mashine inaipokea kama asubuhi, na kuanzia hapo kila faili hubeba saa sita za makosa. Mtoto aliyezaliwa saa mbili usiku anaingizwa kwenye rejista ya kompyuta kama wa 02:00, na si ajabu hata tarehe ikawa si yake.

Mtego wa pili umo ndani ya Linux. Kwenye orodha ya kanda za saa kuna majina yasiyo na mji, kama Etc/GMT+3. Mtu anajua Tanzania ni jumlisha tatu, analichagua, na anakosea. Majina hayo hufuata desturi ya zamani iliyogeuza alama: Etc/GMT+3 ni saa tatu nyuma ya Greenwich, sawa na Argentina. Iliyo sawa na sisi ni Etc/GMT-3.

Sasa tazama kinachotokea. Argentina iko nyuma yetu saa sita kamili. Ikiwa Mbingu ni saa mbili asubuhi, kompyuta iliyotegwa na jina hilo itasoma 02:00, na mwenye nayo ataona mbili, ataridhika na kuendelea na kazi. Kosa limejificha ndani ya usomaji anaoupenda. Japani nayo, kwa kuwa iko mbele yetu saa sita, hufanya vivyo hivyo: gari la mtumba ambalo saa yake haijaguswa tangu Tokyo, ikiwa ni ya mzunguko wa saa kumi na mbili, itasoma tisa hapa ikiwa saa tisa. Kwa hiyo weka mashine yako ionyeshe saa ishirini na nne. Saa nane mchana lazima isome 14:00. Ikisoma 08:00, au 20:00, ukanda si wetu.

Mtego huohuo unaweza kugeuzwa kuwa chombo. Linux inakuruhusu kubadilisha usomaji kwa amri moja tu, bila kugusa mpangilio wa mashine:

TZ=Africa/Lusaka date

Hii inakuonyesha saa ya Zambia, halafu kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Na hii:

TZ=Etc/GMT+3 date +%I:%M

inakuandikia saa kama unavyoitamka. Ikiwa 15:20, itajibu 09:20. Ukiijaribu utaona wazi kwamba usomaji ni vazi tu juu ya zile sekunde.

Kurekebisha ukanda

Kama mstari wa UTC ni sahihi na wa saa za hapa sio, dawa ni amri moja:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Huhitaji kuwasha mashine upya, ingawa programu zilizokuwa wazi huenda zikahitaji kufungwa na kufunguliwa tena. Usilitafute jina la Mbingu, Ifakara wala Dodoma kwenye orodha. Nchi nzima inasoma saa moja, na jina lililochaguliwa kuiwakilisha ni Dar es Salaam. Orodha kamili hutoka kwa amri timedatectl list-timezones.

Orodha hiyo ina historia yake. Arthur David Olson, Mmarekani, aliianzisha katika miaka ya 1980, na tangu mwaka 2005 mratibu wake ni Paul Eggert. Humo hakuandikwi tofauti na Greenwich peke yake; huandikwa kila mara serikali ilipobadilisha saa. Tanzania haina desturi ya kusogeza saa kwa majira, hivyo sisi husahau kwamba mambo hayakuwa hivi daima. Nairobi ya kikoloni imo na saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, kisha saa mbili na dakika arobaini na tano, kabla ya kutulia kwenye tatu. Kwa kuwa Dar es Salaam na Nairobi zinakubaliana tangu 1970, orodha ya kawaida hulifanya jina la Dar es Salaam kuwa njia tu ya kufikia la Nairobi. Kwa kazi za leo hakuna hasara. Anayeingiza kwenye kompyuta kumbukumbu za kituo cha hali ya hewa cha mwaka 1950 ndiye wa kuangalia.

Saa yenyewe ikikosea

Mstari wa UTC ukiwa na kosa, hapo ndipo tunaigusa saa. Penye mtandao, kazi hiyo iachie mashine:

sudo timedatectl set-ntp true

Amri hii huwasha ulinganishaji wa saa kwa utaratibu uitwao NTP, uliobuniwa na David Mills, profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware, na kuchapishwa mwaka 1985. Ugumu wa kazi hiyo unaonekana vizuri kutoka hapa bonde la Kilombero, ziliko Ifakara na Mbingu. Ukiuliza saa kwa mashine iliyo mbali, jibu litafika limechelewa, nawe hujui limechelewa kiasi gani. Mills alitumia alama nne: kompyuta yako huandika saa ya kutuma na saa ya kupokea jibu, seva nayo huandika saa ya kupokea swali na saa ya kujibu. Kwa alama hizo nne safari nzima hupimwa, hugawanywa kwa mbili, na ucheleweshaji huondolewa. Ujumbe wenyewe ni baiti 48, kwa hiyo hata bando dogo halitikisiki.

Ikiwa saa imepotea mbali sana na mashine inatumia programu ya chrony, amri sudo chronyc makestep huirusha hadi mahali pake kwa hatua moja. Bila amri hiyo, mashine hupendelea kuikimbiza au kuichelewesha saa kidogo kidogo, kwa sababu programu nyingi huchanganyikiwa saa ikiruka kurudi nyuma.

Pasipo na mtandao wa kompyuta, mara nyingi simu ipo, na simu hupata saa kutoka mnara wa mtandao wake. Rekebisha ukanda kwanza, kisha soma kwenye simu na uandike:

sudo timedatectl set-ntp false
sudo timedatectl set-time '2025-03-14 15:20:00'

Amri ya kwanza ni ya lazima, maana ulinganishaji ukiwa umewashwa mashine itakataa kupangwa kwa mkono. Amri ya pili huipanga pia saa ya bodi. Ukitaka uhakika, sudo hwclock --systohc huinakili saa ya mfumo kwenye bodi.

Betri ikiwa imekufa, amri zote hizi zitadumu hadi umeme utakapokatika. Zima mashine, chomoa waya, fungua, itoe betri kwa ncha ya kucha au bisibisi ndogo ukiangalia upande wenye alama ya kujumlisha ulikotazama, weka mpya. Kompyuta ndogo za bodi moja kama Raspberry Pi za miaka ya mwanzo hazina kabisa saa ya aina hii. Zenyewe huhifadhi kwenye faili saa ya mwisho zilizoijua, na zikiwashwa huanzia hapo. Ukiizima Ijumaa na kuiwasha Jumatatu bila mtandao, kwake bado ni Ijumaa.

Windows na Linux nyumba moja

Linux hutaka saa ya bodi iwe ya UTC. Windows huiweka kwa saa za hapa. Zikikaa mashine moja, kila moja humharibia mwenzake: ukitoka Windows kwenda Linux unakuta saa imesonga mbele saa tatu, ukirudi unaikuta nyuma saa tatu. Mwenye mashine anarekebisha kila upande, na kila marekebisho yanauharibu wa pili.

Chagua moja. Njia safi ni kuiambia Windows ifuate UTC, kwa kuweka thamani iitwayo RealTimeIsUniversal iwe 1 kwenye rejista yake. Njia ya mkato ni kuiambia Linux ikubali saa za hapa, kwa sudo timedatectl set-local-rtc 1. Itafanya kazi, ingawa Linux yenyewe itakuonya. Usifanye zote mbili.

Yaliyokwisha kuandikwa

Kwa anayechapa barua, saa tatu za makosa ni kero ndogo. Bonde hili lina watu ambao kwao saa ndiyo kazi yenyewe. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza katika miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Mswisi Rudolf Geigy, imejulikana duniani kwa utafiti wa malaria, na sehemu ya utafiti huo ni kuwahesabu mbu kwa saa. Mtu hukaa tangu saa kumi na mbili jioni hadi alfajiri, mbu anayetua mguuni hunaswa na kutiwa kikombeni, na kila saa ina kikombe chake. Swali ni kama mbu huuma watu wakiwa bado jikoni na barazani, au wakiwa wameshaingia kwenye chandarua. Chukulia kikombe cha saa tatu hadi saa nne usiku kimeingizwa kwenye kompyuta iliyo nyuma saa tatu. Kitahesabiwa cha kati ya 18:00 na 19:00, chakula kikiwa bado jikoni, na jibu la swali litageuka bila mbu hata mmoja kubadilisha tabia.

Hapa ndipo ile tofauti ya saa na usomaji inapolipa. Kama kosa lilikuwa la ukanda peke yake, mafaili yaliyo kwenye diski ya Linux yamehifadhi sekunde sahihi, na ukirekebisha ukanda tarehe zake zote zitajisoma upya zikiwa sawa. Yasiyojirekebisha ni yaliyokwisha kuandikwa kwa maneno: ripoti zilizochapishwa, majedwali ambayo saa iliingizwa kama maandishi, na mafaili yaliyonakiliwa kwenye flashi za mtindo wa FAT, ambazo huhifadhi saa bila kujua ni ya ukanda gani. Lakini kama fundi aliona mashine iko nyuma saa tatu akaisogeza saa yenyewe, mafaili ya kabla yake yalikuwa sahihi, ya baada yake yana kosa, na hakuna alama inayoonyesha mpaka uko wapi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika amri yoyote ya kurekebisha, andika kwenye daftari la mashine mambo manne: tarehe na saa ya sasa kwa simu, saa ambayo mashine inaonyesha, UTC inayoonyesha, na ukanda uliokutwa umewekwa. Ukimaliza, ongeza la tano, ulichobadilisha: ukanda, saa, au betri. Mistari hiyo mitano itamwezesha atakayekuja baada yako kurudi kwenye rekodi za miezi iliyopita na kujua zipi za kuongezewa saa tatu, zipi za kupunguziwa, na zipi za kuachwa kama zilivyo.